Zile Sifuri Mbili za Mwanzo: Jinsi ya Kuandaa Lebo za Anwani za Chama Chako

Haya ni maelezo ya hotuba iliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya makatibu na waweka hazina wa vyama vya wakazi wa mitaa ya Eastlands. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

 

Kabla hatujaanza, mama mmoja hapa mbele ameniuliza, "Mwanangu, siku hizi kila kitu ni WhatsApp. Lebo za bahasha za nini?" Ni swali zuri, na ningependa kulijibu kwanza.

Mama, katika chama chako kuna mtu asiye na simu ya intaneti. Kuna aliyebadilisha laini mwaka jana asiwaambie. Kuna aliyejiondoa kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu ya kelele za usiku. Hao wote bado ni wanachama, na wana haki sawa na wengine ya kujua mkutano mkuu ni lini na nini kitaamuliwa. Vyama vingi vimeandika katika katiba zao kwamba notisi ya mkutano mkuu itatolewa kwa maandishi. Siku ya ugomvi, mtu akisema hakualikwa, hakuna atakayeuliza ni nani aliyeona tiki mbili za buluu. Mtaulizwa barua iko wapi na ilitumwa wapi.

Kwa hivyo anwani iliyo juu ya bahasha ni sehemu ya haki ya mwanachama. Ikikosewa, kuna mtu ambaye hatasikika.

Bahasha iliyochelewa

Nitawaambia kosa langu mwenyewe. Kabla sijaajiriwa na kaunti nilifanya kazi katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Nilipewa kazi ya kutuma barua za kuwaalika watu kwenye kikao. Nilikuwa na shahada ya uanahabari, nilikuwa naijua kompyuta, na nilijiamini. Nilichukua majina kutoka kwenye programu ya anwani, nikachagua lebo, nikabonyeza, printa ikatoa kurasa safi kabisa. Nikabandika, nikapeleka Posta, nikasahau.

Siku moja baada ya kikao, mzee mmoja alikuja ofisini na bahasha mkononi. Hakupiga kelele. Aliiweka mezani kwangu akasema, "Kijana, barua nimeipata leo. Mmenialika jana." Jambo lake lilikuwa limejadiliwa na kuamuliwa asipokuwepo.

Niliitazama ile lebo. Jina lilikuwa sawa. Nambari ya sanduku ilikuwa sawa. Lakini msimbo wake wa posta, ambao ni 00515 wa Buruburu, ulikuwa umechapishwa 515. Tena ulikuwa umewekwa mstari wa mwisho kabisa, chini ya neno Kenya, mbali na nambari ya sanduku. Kompyuta ilikuwa imekula zile sifuri mbili za mwanzo, nami sikukagua.

Kwa nini sifuri mbili ni muhimu

Huenda mtu akasema, "Si Posta wataelewa tu?" Tuangalie jinsi barua zetu zinavyofika.

Katika nchi nyingi, tarishi hutembea mtaani na kutia barua mlangoni. Kwa hivyo programu zilizotengenezwa huko huanza na nambari ya nyumba na jina la barabara. Huku kwetu barua haifuati nyumba, hufuata sanduku. Unaweza kuwa unaishi Kayole, lakini kama sanduku lako liko Posta Kuu mjini, msimbo wako ni 00100. Jirani yako wa mlango wa pili aliyekodi sanduku Kayole kwenyewe ana 00518. Msimbo hauelezi unakolala. Unaeleza ofisi ya posta ambako sanduku lako liko.

Ndiyo maana nambari ya sanduku peke yake haitoshi. Sanduku nambari 1200 linaweza kuwepo Buruburu, likawepo pia Eastleigh na mjini, kila moja na mwenyewe. Kinachoyatofautisha ni msimbo. Hapa upande wetu wa mashariki tuna Makongeni 00510, Buruburu 00515, Dandora 00516, Kayole 00518, Ruai 00520, Embakasi 00521 na Eastleigh 00610. Mjini kuna 00100 ya Posta Kuu na 00200 ya City Square. Tazameni vizuri: yote inaanza na sifuri mbili.

Sasa sikilizeni kinachotokea ndani ya kompyuta. Programu ya jedwali kama Excel ikiona tarakimu tupu, hudhani ni hesabu. Na katika hesabu, sifuri za mbele hazina kazi. Hakuna mtu anayeandika kwamba ana shilingi 0050. Kwa hivyo Excel hugeuza 00515 kuwa 515 bila kukuuliza, ikidhani inakusaidia.

Mtu wa Mombasa mwenye 80100 hawezi kupatwa na shida hii. Wala wa Kisumu mwenye 40100, wala wa Nakuru mwenye 20100. Ni sisi wa Nairobi, pamoja na majirani wachache kama Thika yenye 01000, tunaoumizwa nayo. Ndiyo maana maelezo mengi utakayopata kutoka ng'ambo hayatakuonya. Kosa hilo hilo ndilo hukata sifuri ya mwanzo ya nambari za simu, mkabaki mkishangaa kwa nini orodha ya kutumia SMS ina nambari zinazoanza na 7.

Anza na usafi wa majina

Hatua ya kwanza haihitaji kompyuta. Chukua simu yako uangalie ulivyohifadhi majina. Nikiomba mtu hapa asome majina matano kwa sauti, tutasikia "Fundi Stima", "Mama Kevo Deni", "Landlord Mpya", "Baba Shiru Maji". Mmecheka kwa sababu ni kweli.

Sasa kumbukeni kwamba lebo huchapisha kile kilichoandikwa. Ukichapisha moja kwa moja kutoka kwenye simu, bahasha itapita Posta ikisema "Mama Kevo Deni". Umemwaibisha mwanachama mbele ya watu, na jina lenyewe halifanani na lililo kwenye kitambulisho chake wala kwenye daftari la chama.

Kwa hivyo tenga kundi la wanachama peke yake. Kwa kila mmoja andika cheo cha heshima, yaani Bw., Bi., Mzee au Mchungaji, kisha jina kamili kama lilivyo kwenye daftari. Halafu umuulize mwenyewe anwani yake. Usikisie. Wengi wetu tunatumia sanduku la kanisa, la shule au la kazini. Hapo unahitaji mstari wa ziada unaosema "Kupitia", kisha jina la mwenye sanduku.

Tengeneza lebo kwa mpangilio wetu

Lebo nzuri ya barua ya Posta hapa Nairobi ina mistari mitatu, au minne ikiwa kuna "Kupitia":

Cheo na jina kamili
Kupitia: mwenye sanduku, kama yupo
S.L.P. nambari ya sanduku – msimbo
NAIROBI

Basi. Neno Kenya linahitajika tu ikiwa barua inatoka nje ya nchi. Nambari ya sanduku na msimbo zikae mstari mmoja, zikitenganishwa na kistari, kwa sababu hizo mbili ndizo anwani yenyewe.

Programu nyingi hazitakupa mpangilio huu zenyewe. Ni lazima uupange. Nitaeleza njia ambayo wengi wenu mtaiweza hata kwenye saiba, kwa sababu inatumia Google na Word.

Kwanza, ikiwa simu yako ni ya Android na umeingia kwa akaunti ya Google, majina mengi tayari yako huko. Fungua Google Contacts kwenye kompyuta, uchague kundi la wanachama, kisha bonyeza Export upate faili ya CSV. Hiyo ni orodha iliyopangwa kwa safu: jina safu yake, sanduku safu yake, msimbo safu yake.

Pili, na hapa ndipo nilipoanguka mimi, usiifungue faili hiyo kwa kuibonyeza mara mbili. Fungua Excel ikiwa tupu, nenda mahali pa kuleta data kutoka kwenye faili ya maandishi, na kabla ya kumaliza, ambia programu kwamba safu ya msimbo na safu ya simu ni maandishi, yaani Text. Kwa kufanya hivyo sifuri zako ziko salama. Ikiwa umechelewa na zimekwisha katika, chagua safu ile, ingia kwenye mpangilio wa nambari, uandike 00000. Excel itaonyesha kila msimbo kwa tarakimu tano. Lakini jihadhari: mpangilio huo hubadilisha mwonekano tu, na Word inaweza kuchukua tena 515.

Kuna ujanja mdogo unaoepusha haya yote. Wakati wa kuhifadhi majina, andika anwani nzima katika mstari mmoja: S.L.P., nambari, kistari, msimbo. Excel ikiona herufi na kistari haitadhani ni hesabu, na haitagusa kitu. Kwa chama chenye wanachama hamsini au sitini, mimi ningefanya hivyo tu.

Tatu, fungua Word, nenda kwenye Mailings, uchague kuanza Mail Merge, kisha Labels. Baada ya kuchagua karatasi ya stika, unganisha orodha yako. Word itakupa kitufe cha Address Block, kinachopanga anwani nzima kwa mguso mmoja. Kiache. Hicho ndicho kitakachokuletea mpangilio wa ng'ambo. Badala yake, weka kipande kimoja kimoja kwa Insert Merge Field: cheo, jina, shuka mstari, anwani, shuka mstari, NAIROBI. Ukimaliza lebo ya kwanza bonyeza Update Labels ili zote zifuate mfano huo. Kisha tazama matokeo kabla ya kuchapisha.

Wenye kompyuta za Apple, programu yenu ya Contacts inaweza kuchapisha lebo moja kwa moja, na katika mipangilio yake mnaweza kubadilisha muundo wa anwani. Wasio na Word wanaweza kutumia LibreOffice, ambayo ni ya bure na ina sehemu yake ya lebo. Majina ya vitufe hutofautiana, lakini maswali ni yale yale matatu: mstari upi uje kwanza, sanduku na msimbo vikae wapi, na sifuri bado zipo?

Karatasi nayo ina ukaidi wake

Duka la vifaa vya ofisi litakuuzia karatasi ya stika ya A4. Ya kawaida ina stika 21, safu tatu za stika saba saba, kila stika ikiwa na upana wa milimita 63.5 na kimo cha milimita 38.1. Kuna nyingine yenye stika 14 za upana wa milimita 99.1, nzuri kwa majina marefu au kwa wazee wanaopenda maandishi makubwa.

Programu nyingi huanza na karatasi ya Marekani, ambayo ni fupi na pana kidogo kuliko A4. Ukiiacha hivyo, mistari itaanza vizuri juu ya ukurasa, kisha iteremke kidogo kidogo hadi jina la mtu likatwe katikati ya stika mbili. Kwa hivyo chagua A4 mwanzo. Ikiwa stika zako hazina nambari ya aina inayojulikana, chukua rula, upime upana, kimo na nafasi za pembeni, kisha ujaze vipimo hivyo mwenyewe kwenye New Label.

Wakati wa kuchapisha, hakikisha ukubwa ni asilimia 100, si ule wa kubana ukurasa utoshee. Chapisha kwanza kwenye karatasi ya kawaida, iweke juu ya karatasi ya stika, uinue zote mbili kwenye mwanga wa dirisha. Majina yakikaa ndani ya mistari, endelea. Jaribio hilo hugharimu ukurasa mmoja, lakini linaokoa pakiti nzima ya stika.

Na kwa wenye saiba waliokuja: karatasi ya stika iliyokwisha kubanduliwa nusu isirudishwe kwenye printa ya leza. Printa hiyo hutumia joto. Gundi iliyoachwa wazi huyeyuka, stika hunata ndani, na fundi atakulipisha.

Barua ya mkono ni lebo nyingine

Najua vyama vingi hapa havitumii Posta kwa kila jambo. Kijana hupewa bahasha azisambaze mtaani. Hapo sanduku halina maana. Anachohitaji ni mtaa, awamu, au fezi kama tunavyosema Buruburu na Dandora, kisha jina la korti au ploti, na nambari ya mlango. Tengeneza lebo ya pili kwa kazi hiyo. Orodha ni moja, lebo ni mbili. Kuchanganya yote kwenye stika moja kunafanya maandishi yawe madogo hadi hakuna anayesoma.

Usiandike zaidi ya kinachohitajika

Jambo la mwisho ni la usiri wa wanachama. Nimewahi kuona bahasha iliyoandikwa jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na kiasi cha mchango anachodaiwa mtu. Yote juu, mahali ambapo kila anayepita anasoma.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema habari za mtu zikusanywe kwa sababu maalum na zisizidi zinazohitajika kwa kazi hiyo. Sheria hiyo si ya makampuni makubwa pekee. Katibu anayetunza daftari la majina naye anashika habari za watu. Kwa hivyo kwenye lebo weka anayehitajika kuonwa na Posta tu: jina na sanduku. Na mnapochapisha saiba, futeni faili kwenye kompyuta ile, tupeni pia takataka zake, na mtoke kwenye akaunti ya Google kabla ya kulipa. Kurasa za majaribio zenye majina msiziachie chapati. Zichaneni.

Kabla ya kubandika

Niliyekosea anaweza kuwashauri. Mkishachapisha, msibandike papo hapo. Mpeni mtu mwingine, asiye yule aliyechapisha, asome kila lebo akilinganisha na daftari. Aangalie mambo mawili: jina ni la heshima na ni kamili, na msimbo una tarakimu tano. Kama ana kalamu, aweke alama kwenye daftari kwa kila aliyekaguliwa. Kazi hiyo kwa wanachama 60 haimalizi nusu saa.

Kisha tumeni mapema. Barua inayofika jana yake ya mkutano haitofautiani sana na isiyofika.

Yule mzee sikumwona tena, na sikuweza kurudisha kile kikao. Nilichoweza ni kujifunza kuhesabu tarakimu. Tangu siku hiyo, kabla ya kutuma chochote, hutafuta zile sifuri mbili kwanza.

Maswali yaliyobaki tutayajibu hapa nje, na mwenye karatasi ya stika na rula aje nazo, tupime pamoja.